Rangi Mpya kwenye Gari la Mashindano

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, hapa mtaa wa Mtendeni. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo huenda nikapanga mambo vibaya, ila nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nyumba ya tatu kutoka gereji yangu anakaa mjane wa Kiarabu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Uani kwake lilisimama gari dogo la mashindano, la milango miwili. Marehemu mumewe alilikuta limekufa njia ya Usinge katikati ya mashindano, magari mengine yameshaliacha, akalivuta kwa lori lake la asali. Wenyewe wakamuuzia kwa kuchoka tu. Ubavuni lilikuwa na mbonyeo na namba kubwa, na juu ya mlango majina ya dereva na msaidizi wake, kwa herufi ndogo.

Wakati naanza kazi, mtu alilitaka kwa bei ya baiskeli, akate bati. Miaka ikapita, akaja mwingine na bei ya pikipiki. Mimi mwenyewe nilimshauri Bi Mkubwa auze, maana kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva.

"Kuku hawajalalamika, fundi," alinijibu.

Baadaye mpangaji wake alilipiga picha, akaiweka mtandaoni, simu zikaanza. Ikawa bei ya kiwanja kule Itetemia, nje kidogo ya mji. Mwaka uliofuata, kiwanja na nyumba ndogo juu yake. Gari halijasogea hata hatua, matairi yameoza, bei inapanda. Sikuelewa, na sina hakika kama naelewa leo.

Wakati huo mashemeji zake walitaka nyumba iuzwe, kila mrithi achukue chake. Si watu wabaya. Walikuwa wamesubiri miaka. Wakamwambia, ukitulipa mafungu yetu, nyumba yote yako. Fedha ya kuwalipa ilikuwa ni hilo gari tu. Tajiri mmoja wa Arusha alikubali bei iliyotosha kabisa, akasema atakuja kuliona baada ya wiki mbili.

Bi Mkubwa akaniita. "Lisafishe, mwanangu, utoe hayo mavi ya kuku. Ila mnunuzi mwenyewe kasema liachwe lilivyo."

Aliniambia. Siwezi kuandika kwamba hakuniambia. Ila mimi nilidhani tajiri anazungumzia injini, tusije tukambadilishia vipuri. Na kwetu mafundi, gari halikabidhiwi kwa mnunuzi likiwa na mbonyeo. Ni aibu, ni kama kumwandalia mgeni chakula kwenye sahani chafu. Nikalisukumia gereji. Nikalinyoosha, nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, namba na majina vikaenda na vumbi, nikaziba mabonde kwa puti. Nikapuliza rangi nyekundu mara mbili, na vanishi juu. Sikuomba hela. Nilitaka kumfurahisha.

Bi Mkubwa alipoliona alishika mdomo. "Mashallah," akasema. Naye hakujua, au kama alijua hakupenda kunivunja moyo. Sijawahi kumuuliza.

Tajiri alifika asubuhi, akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akalizunguka gari mara moja. Akachuchumaa penye mlango, akapitisha kidole pale yalipokuwa majina.

"Nani kapaka?"

"Mimi," nikasema, tena kwa kifua mbele. "Mara mbili."

Akacheka kidogo, akasimama. "Mzee wangu, rangi mpya hata Arusha ipo. Mimi nilifuata ile ya zamani. Ule mbonyeo, zile namba, ndivyo vilivyopandisha bei."

Angeweza kuondoka, lazima niseme hivyo. Hakuondoka. Alitoa nusu ya bei, na watu wengine niliowauliza baadaye wakasema nusu ni huruma. Bi Mkubwa aliipokea, kwa sababu mashemeji walikuwa wameketi barazani wanasubiri jibu.

Nusu ikanunua nusu ya nyumba, nusu nyingine mashemeji wakaiuza. Mafundi wa kujenga walikuja, wakapitisha ukuta katikati ya ua. Jiko na kisima viliangukia upande uliouzwa. Sasa anapikia barazani, na maji ananunua kwa ndoo. Sauti yake kwangu haijabadilika, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Majina yale nimejaribu kuyakumbuka, nayakosa. Nilikuwa nayaona kila siku.

Mwezi uliopita bajaji iligonga geti lake, akaniita. Nikalinyoosha, nikabaki nimesimama na nyundo.

"Rangi je, Bi Mkubwa?"

"Liache lilivyo."

Nikakusanya vifaa vyangu, nikaliacha na mikwaruzo yake yote.