Wadi Iliyofundishwa Kupiga Kelele

Alhamisi, tarehe ishirini ya mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi mlima wa Wanale, ulio juu ya mji wa Mbale, ulikuwa umefutika kabisa, kama mtu ameubeba akaondoka nao akatuachia ukungu. Tarehe hiyo siisahau. Ndiyo siku wifi yangu alipolazwa wadi ya wazazi, na ndiyo siku niliyomwona bwana mkufunzi amenyamaza.

Mimi ni mtu wa Mpumudde, Jinja. Shule niliiacha darasa la sita, askari walipogeuza madarasa yetu kuwa mabweni yao, kwa hiyo haya ninayoandika ya hospitali yapokeeni kwa tahadhari; huenda kuna mahali nimeelewa upande. Nilihamia Mbale, mtaa wa Malukhu, kwa kaka yangu, kwa sababu mke wake alikuwa na mimba ya pili na ile ya kwanza ilikuwa imeishia vibaya. Ile ya kwanza ilimkuta wakati barabara bado ina vizuizi. Alivimba miguu, akaumwa kichwa, akaanza kuona nyota mchana, na askari hawajamaliza kuuliza gari linatoka wapi, kifafa cha mimba kikamshika kwenye kiti cha nyuma. Watu wanne walimkandamiza, mmoja akamtia kijiko mdomoni. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Sasa vita vya upande wa Teso vilikuwa vimetulia, vizuizi vimeondolewa, na miguu ya wifi ilikuwa imeanza kuvimba tena.

Hospitali ilikuwa imepata mradi. Baada ya vita kila kitu kilipata mradi: visima, mbuzi, hata vyoo. Wa wadi ya wazazi ulikuwa wa utafiti na mafunzo ya mimba za hatari. Waliletewa mwanasesere wa mpira mkubwa kama mwanamke mzima, tumbo lake linafunguka kama mkoba, na ukibonyeza pampu anatoka damu ya rangi. Wauguzi walimwita bi harusi, kwa sababu yeye alitandikiwa shuka jipya wakati wagonjwa wenye roho walikuja na mashuka yao kutoka nyumbani, na kwa sababu wadi nzima ilimngojea yeye. Alipewa kitanda cha dirishani. Niliwahi kumwona mama mmoja mwenye mapacha amelala chini kwenye mkeka, akimtazama bi harusi kwa jicho ambalo sitalieleza.

Mkufunzi alikuwa Mkenya, mlokole, mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola ya ndani. Alifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa wauguzi walikuwa Wagisu, Wasoga na Waiteso, naye hakujua lugha ya yeyote kati yao. Alitaka mwanamke mwenye Kiswahili chepesi aigize ndugu wa mgonjwa, wa kulia na kusumbua. Alinisikia nikibishana na mlinzi wa geti siku niliyompeleka wifi kliniki, akaniambia nina sauti inayofaa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bi harusi anashikwa na kifafa, yaani mtu wa mradi anamtikisa miguu chini ya shuka. Mimi naanza kulia. Muuguzi wa zamu anatakiwa apige kelele, amwelekezee mwenzake kidole, aseme wewe lete sindano, wewe lete hewa, na kila aliyeitwa ajibu kwa sauti kwamba amesikia na anakwenda. Bwana mkufunzi anasimama pembeni na saa yake ya kubonyeza. Siku wauguzi walipoona haya kupaza sauti, alipaza yeye.

"Pigeni kelele," alisema. "Wagonjwa wanakufa kwa ajili ya adabu zenu."

Akaita kama sajini. Na hapo kila siku likatokea jambo moja: hakuna aliyejibu. Vichwa vilikwenda chini. Mmoja alijisogeza nyuma ya kabati la dawa, taratibu, kama anayetafuta kitu. Mkufunzi alibonyeza saa, akatikisa kichwa, akaandika. Alikuwa ameligawa kundi nusu mbili kwa ajili ya utafiti wake, nusu wanafundishwa kwa bi harusi na nusu kwa ubao, na zote mbili zilizembea vilevile akipaza sauti. Alitubandikia karatasi ukutani kwamba wahudumu hawana ari. Aliandika kwa herufi nzuri.

Nikiri haki: mwanzoni na mimi niliwacheka. Mimi nililia vizuri kuliko wote na nikajiona hodari. Kisha muuguzi mmoja wa Budondo, mtu wa kwetu upande wa Jinja, akanieleza tulipokuwa tunakunywa chai nyuma ya jiko la hospitali. Alieleza huku anacheka, maana aliona aibu.

"Dada, yule akiita mimi nasikia. Nasikia vizuri kabisa. Lakini kichwa inaenda chini yenyewe, na mguu inakataa."

Hakuhitaji kuongeza. Miaka ile Kiswahili cha sauti kubwa kilikuwa cha mwenye bunduki. Kwenye kizuizi akisema wewe, na wewe ukajibu, umekwisha kujitenga na wenzako. Wa kwanza kujibu ndiye wa kwanza kupanda lori. Tulijifunza kutojibu kama mtoto anavyojifunza kutoshika jiko. Sisi Waislamu tuliozungumza Kiswahili nyumbani tulikuwa na Viswahili viwili, cha ndani na cha barabarani, na cha barabarani hata sisi tulikiitikia kwa kutazama vidole vya miguu. Wauguzi walimwita mkufunzi afande. Yeye alidhani ni heshima. Kila akiitwa afande alinyoosha mabega.

Nilimwendea nikamweleza. Nilijieleza ovyo, nikianza katikati, kama kawaida yangu, na labda ndiyo maana hakushika.

"Mama, vita vimekwisha," aliniambia kwa upole. "Kiswahili sisi tunasali nacho."

Ni kweli wanasali nacho. Wala hakuwa mtu mbaya. Alifika kabla ya wote, alimwosha bi harusi kwa mikono yake, hakula chakula cha wagonjwa hata mara moja, na alirudia somo kwa asiyeelewa bila kumwaibisha. Nayasema haya ili nisimwonee. Lakini mtu anayeweza kukueleza ndani ya mwili wa mwanamke kuna nini, halafu asione watu sita wameinamisha vichwa mbele ya pua yake kila siku, huyo nashindwa kumpamba.

Mimi nilikuwa nahesabu jambo lingine. Wadi hiyo ndimo wifi angejifungulia. Presha yake ilikuwa inapanda kila kliniki. Kifafa kikimshika pale, na huyu bwana akapiga kelele zake, watainama wote, na atakufa katikati ya watu waliofundishwa.

Basi Alhamisi ile kaka yangu alimleta kwa baiskeli ya boda boda, amefunikwa nailoni, miguu imejaa kama mto wa kulalia. Walimlaza kitanda cha pili kutoka dirishani. Cha kwanza, mnajua kilikuwa na nani. Mafunzo yaliendelea, mvua au jua. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu pa kuigiza, kati ya vitanda viwili, mgongo kwa wifi, nikingoja ishara ya kulia. Nikamsikia anasema kwa sauti ndogo kwamba nyota zimerudi. Nilipogeuka mdomo wake ulikuwa umekwisha kupinda.

Nililia. Safari hii si kwa kazi. Na bwana mkufunzi akabonyeza saa yake.

Alinitazama akatikisa kichwa kuonyesha kwamba nimeanza mapema. Nilimwonyesha kitanda. Nimpe haki yake tena: alitupa saa sakafuni, akafika kwa hatua tatu za mtu mrefu. Lakini akafanya alichokijua. Alielekeza kidole akaita, wewe sindano ya kifafa, wewe hewa, wewe mgeuze, kwa sauti ya kupasua bati. Wauguzi wanne walikuwa pale. Vichwa vinne vikaenda chini. Wifi anatikisika, kitanda kinagonga ukuta, na watu wanne wenye sare wanatazama viatu vyao. Hata mimi, wifi yake, nilikuwa nimetazama chini.

Sista mkuu alikuwa mlangoni. Ni mama wa Kigisu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kusema kweli darasani alikuwa mzito, alisinzia mara kwa mara na karatasi ya ari ilimhusu na yeye. Hakusema kwa sauti. Wenyeji wa Mbale wanajua jinsi wanawake wanavyopika kwenye sherehe ya tohara, sufuria kumi na watu mia uani: mama mkubwa haiti mtu. Anakupitia, anakushika mkono, anatia mwiko ndani yake, anakuita mwanangu, anakwenda kwa mwingine. Ukishashikishwa huwezi kusema hukusikia. Ndivyo alivyofanya. Alitoa trei ya sindano kabatini akaitia mikononi mwa yule wa Budondo.

"Mwanangu, shika hii."

Akamtia mwingine mpira wa hewa. Akachukua mikono ya wale wawili waliobaki akaiweka juu ya bega na nyonga ya wifi. Kisha akamfikia bwana mkufunzi, ambaye kidole chake kilikuwa bado hewani, akakishusha kwa mkono wake, akamshikisha miguu ya mgonjwa.

"Bwana, wewe miguu."

Naye akashika miguu, akanyamaza.

Na mikono ilipopata kitu, ikajua. Walimlaza ubavu wa kushoto, wakamsafisha mdomo, hakuna aliyeleta kijiko. Sindano ilichomwa mahali pake na kwa kiasi chake. Kila kitu walichofanya walikuwa wamekifanya mara nyingi juu ya mpira, na ni yule bwana aliyewafundisha, na kama ningesema vinginevyo ningekuwa mwongo. Lile jambo lingine, la kumpa mtu kazi bila kumtisha, ndilo asilolileta kwenye sanduku lake.

Daktari alimpasua mchana ule ule. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate, lakini analia kwa kunishinda mimi. Wifi alifumbua macho alasiri. Kitu cha kwanza alichokiona ni kitanda cha dirishani.

"Wifi," akaniuliza, "na bi harusi amejifungua?"

Yule wa Budondo alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki zilizofuata somo lilibadilika. Hakuna kupiga kelele tena. Unamshikisha mwenzako kifaa, unamwita kwa jina la undugu, anakujibu taratibu. Mwisho wa mradi tulisomewa ripoti ukumbini, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba mradi umebuni mbinu ya makabidhiano tulivu ya vifaa. Sista mkuu alitajwa kama mmoja wa washiriki. Alikuwa amekaa mbele yangu, na nadhani alikuwa amesinzia, kwa hiyo huenda mwenye uchungu wa jambo hilo ni mimi peke yangu. Karatasi ya ari iliachwa ukutani mpaka ikaanguka yenyewe.

Lakini Alhamisi ile bado tulikuwa hatujui ya ripoti. Niliacha wifi akipewa uji, nikarudi Malukhu kwenye matope, na kaka yangu alikuwa amekaa kizingitini na kanzu mbichi, hakuibadilisha. Nikamwambia wote wawili wazima. Akaniuliza tena, nikamwambia tena. Tulikula matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Chumvi ilizidi, na kaka yangu, ambaye siku nyingine huilalamikia chumvi, alikula akaomba aongezewe.