Kichwa cha Perege kwa Anayenyamaza

Mwezi uliopita nilimpeleka mbwa wa marehemu mume wangu ofisi ya mifugo hapa Ifakara. Kila jioni, saa ambayo mwenyewe alizoea kurudi na baiskeli kutoka Lupiro, mbwa alikuwa akilia getini. Jirani alikuwa ameapa kumtilia sumu.

"Shikamoo, mama. Akilia unafanyaje?" bwana mifugo aliniuliza.

"Marahaba. Namtupia kichwa cha perege, anyamaze."

Alichomoa kalamu sikioni, akaninyooshea. "Basi wewe ndiye unayemfundisha kulia. Akilia usimpe kitu. Subiri anyamaze, hapohapo mpe."

Mfugaji mmoja kwenye foleni akacheka. "Daktari, hiyo hata kwa shemeji yako kule nyumbani kwangu ingefaa!"

Nilifuata ushauri. Jioni za kwanza nilikaa kibarazani na kichwa cha samaki kwenye sahani, nikisali rozari mpaka aliponyamaza, ndipo nikampa. Leo halii tena, ingawa bado anaitazama barabara. Jirani amekuja kunishukuru.

Lakini nimewaza jambo moja. Nilipokuwa nalia msibani, wanajumuiya wenzangu wa kanisani walinijia kila jioni na ugali na nyimbo. Nilipojikaza nikanyamaza, walisema, "Mungu amemfariji," wakaacha kuja. Simlaumu mtu, na Mungu simlaumu.

Mbwa akinyamaza, kuna anayemsogelea na kichwa cha perege. Mimi nimenyamaza tangu Kwaresima.