Mwogesha ng'ombe aliyekubali kupimiwa dawa

Ni saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi, na ukungu bado umelala juu ya josho la kijiji kimoja katika kata ya Bashay, wilayani Mbulu. Ng'ombe wamebanana zizini, wanalia. Octavian Bura amesimama kando ya tangi, mkononi ana fimbo ya kupimia kina cha maji, miguuni ana galoni ya dawa ya kupe. Hamimini. Anatazama barabara.

"Namsubiri bibi mifugo," anasema. "Asipofika, leo hatuogeshi."

Kwa miaka ishirini na miwili mzee huyu wa miaka hamsini na tisa hakumsubiri mtu. Alitazama rangi ya maji, akanusa, akamimina. Wafugaji waliliamini jicho lake, na yeye aliliamini kuliko wote.

Mvua za mwaka huu ziling'oa mabati mawili ya paa la josho, maji yakaingia tangini. Hajira, afisa mifugo wa kata mwenye miaka ishirini na sita, aliliona hilo. Alikuwa na miezi minne tu kituoni, katokea Singida.

"Shikamoo baba," alimwambia. "Maji yameongezeka, dawa imepungua nguvu. Tupime kwanza."

"Marahaba. Kazi hii nimeianza wewe hujui hata kushika kijiko," alijibu Octavian, kwa sauti ya kusikika hadi zizini.

Watu walicheka. Hajira akainamisha kichwa, akaondoka.

"Kicheko kile kilinifurahisha sana," anakiri Octavian leo. "Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Baada ya wiki tano ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaingia. Ndama kumi na mmoja walikufa, mmoja wao wa Octavian mwenyewe. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo wakasahau kulisema.

Hata hapo mzee alishikilia kuwa ni kupe wa malishoni. Aliyemvunja nguvu ni Nikolausi, katekista wa kigango chao. Octavian ni mwenyekiti wa jumuiya ya waumini, na ukimtaka mtu wa kuonya wenzake, humkosi.

"Kwaresima ulimwonya mke wa Ignasi kwa ajili ya ulimi wake," Nikolausi alimwambia. "Mama wa watu akakubali mbele yetu sote. Wewe, mwenyekiti, huwa unakubali kwa nani?"

Jumatatu Octavian alikwenda ofisini kwa Hajira. Alikaa nje muda mrefu kabla ya kubisha hodi.

"Kumwomba Mungu msamaha nimezoea," anasema. "Kwa binti huyu sikujua nianzie wapi. Nikamwambia tu, mwanangu, nipimie."

Walipima. Dawa ilikuwa imebaki nusu ya nguvu inayotakiwa.

Kwa kuwa alimdharau hadharani, aliona toba ya chumbani haitoshi. Alhamisi iliyofuata alipanda kwenye ukingo wa josho akasema: "Niliambiwa na sikusikia. Kosa ni langu." Mfugaji mmoja, Gidamis, alitema mate chini, akaswaga ng'ombe wake kurudi nyumbani. Zamani josho hili liliogesha ng'ombe mia sita kwa siku. Leo hawafiki mia nne, na mzee anaogopa kwamba wale wasioletwa wataugua tena kwa sababu yake.

Hofu kubwa kuliko zote ina miguu minne. Ni mtamba wa Perpetua, mjane wa jirani, ng'ombe pekee aliyembakia. Siku tisa zilizopita alivimba tezi ya chini ya sikio akaacha kula. Hajira alimchoma sindano, akasema wasubiri.

"Kila asubuhi nachungulia ua wao kabla sijasali," anasema Octavian. "Nikiona moshi tu bila kusikia ng'ombe, navuka kwenda kuangalia."

Pikipiki ya Hajira inafika. Wanapima kina pamoja. Mzee anasoma fimbo, binti anaandika, kisha dawa inamiminwa. Nyuma ya foleni anatokea Perpetua, anamvuta mtamba taratibu kwa kamba. Mnyama amekonda, lakini anatembea.

Octavian anapeleka mkono chini ya sikio la mtamba. "Mungu wangu, bado imevimba."

"Siyo hapo, baba," anasema Hajira. "Hapo ni nyama. Shuka kidogo."

Watu wanatazama. Mzee anashusha mkono, anapapasa, anafumba macho.

"Ipo," anasema. "Ila ndogo."

"Imepungua," anakubali Hajira. "Hajapona bado. Leo asioge, ni dhaifu. Tumwone wiki ijayo."

Mipango ya Octavian si mingi. Anataka kurudisha mabati kabla ya mvua za vuli, na ameomba kijiji kiamue kwamba asimimine dawa mtu mmoja peke yake, hata atakapostaafu. Jumapili anakusudia kwenda kwa Gidamis, ingawa hajui kama atafunguliwa mlango.

Perpetua anageuza mtamba kuelekea nyumbani. "Akiwa hai, Alhamisi nitamleta," anasema.

"Mlete, mama," anajibu Octavian. "Na akifa, njoo uniambie wewe mwenyewe. Nitasikia."