Kioo Kilichoonyesha Kovu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa na studio ya picha mjini Kisumu, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimesafisha picha za watu kwa mkono: penseli niliyoichonga ikawa kama sindano, brashi nyembamba, na wino. Chunusi nilizifuta, mikunjo nikailainisha. Siku moja nilimfungua macho bwana harusi aliyekuwa amefumba. Kazi hiyo niliijua na niliionea fahari.

Kisha akaja mama mmoja mjane kutoka Pap Onditi. Alitoa picha ya marehemu mume wake, ya pekee aliyokuwa nayo. Mafuriko yalikuwa yameingia nyumbani kwake, na maji yakaacha doa la kahawia usoni mwa mzee, kutoka kwenye paji hadi shavuni.

"Wajukuu wanauliza babu yao alikuwa vipi," aliniambia. "Nikiwaonyesha hii, wanaogopa."

Sikuthubutu kugusa ile picha yenyewe. Niliipiga upya kwa kamera, nikajaribu brashi kwenye nakala. Nakala ya kwanza, mzee alionekana amevaa kinyago. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Niliona aibu kumwonyesha, lakini nilimwonyesha.

Nilikuwa nimesoma kozi fupi ya kompyuta, na nilijua kwamba picha ikishaingizwa mle ndani inaweza kusafishwa bila kuharibu karatasi. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta sababu ya kununua laptopu. Nilitaka laptopu na si kompyuta kubwa ya mezani, kwa sababu stima ilikuwa ikikatika kila mara, na yenye betri ingenipa muda wa kuhifadhi kazi yangu. Nilimweleza mama hivyo, nikamwomba aniachie picha nikaijaribie dukani.

"Basi twende wote," mama alisema. "Hii picha haitoki mkononi mwangu."

Tukapanda ghorofani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza kompyuta zilizotumika ng'ambo. Alikuwa na laptopu mbili ambazo ningeweza kuzimudu. Ya kwanza ilionekana kama mpya, nyembamba, yenye kasi na nafasi kubwa ya kuhifadhi vitu. Ya pili ilikuwa nzito kama tofali, imepasuka kwenye kona, na ilichukua muda kuwaka hadi nikadhani imekufa.

"Dada, chukua hii nyembamba," alinishauri. "Hiyo nyingine ni ya zamani. Itakuchosha."

Kweli, karibu niichukue. Lakini nilimwomba aiingize picha ya mama kwa skana yake, aiweke kwenye diski, kisha tuifungue kwenye mashine zote mbili. Alikubali, na mama akasimama kando ya skana akiilinda picha yake mpaka ikatoka.

Tulianza na ile nyembamba. Uso wa mzee ukawa kipande kimoja cheusi. Nikiinua kichwa kidogo, anageuka kijivu. Nikisogea kushoto, rangi zinapinduka kabisa. Hata kishale cha mausi kilipopita kiliacha mkia nyuma yake kama moshi. Sikujua ningesafishaje kitu ambacho sikioni.

Mama alisogea, akatazama, akatikisa kichwa. "Nyara," alisema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "huyu si mzee wangu. Mzee wangu alikuwa maji ya kunde."

Tukafungua ile nzito. Tulisubiri. Kwanza nywele zilitokea, kisha paji, kisha uso wote, na mle ndani ya weusi wa ngozi mlikuwa na weusi wa aina nyingi: wa shavu, wa chini ya kidevu, wa kope. Nilisogea kulia na kushoto. Mzee akabaki yule yule. Juu ya nyusi niliona mstari mfupi mweupe. Nilikuwa nimeufuta kwenye nakala zangu zote mbili nikidhani ni uchafu wa maji.

"Huu pia nitauondoa," nilimwambia mama nikigusa kioo.

"Wacha!" Alinishika mkono. "Hiyo ni pembe ya ng'ombe. Alikuwa analima, ng'ombe akageuka. Mimi ndiye niliyemfunga na kitambaa changu. Tulikuwa hata hatujaoana."

Mfanyabiashara aliinama akatazama. "Mama ameshakuchagulia," akasema.

Nilirudi studio na diski ya picha na ile laptopu nzito kama tofali. Ilizimika mara kwa mara, ikanifundisha kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Niliiweka mbali na dirisha ili mwanga wa jua usinidanganye, nikafanya kazi kipande kwa kipande: paji, jicho, shavu. Ilinichukua karibu wiki mbili. Diski niliituma kwa basi Nairobi kwenda kuchapishwa. Karatasi ya kwanza ilirudi na mzee mwekundu kama mtu mwenye homa. Ikabidi nipunguze wekundu na kutuma tena, mara mbili.

Mama alipokuja, aliishika kwa ncha za vidole. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kisha akacheka.

"Alikuwa kijana kweli," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Aliagiza nyingine, moja kwa nyumba ya kila mtoto wake. Miezi michache baadaye alirudi na majirani watatu, kila mmoja na picha iliyonyeshewa, iliyokunjika au kuliwa na mchwa. Akawaketisha kwenye benchi na kuwaeleza jinsi mashine inavyofanya kazi, kwa Kijaluo, kama mwenye studio.

Niliwasha laptopu. Tulipokuwa tukiingoja iamke, nilimwomba wa kwanza anisimulie huyu wa kwenye picha alikuwa nani, na kipi usoni mwake nisikiguse.