Mwanamke wa Ukumbi wa Mwisho

Mke wangu Inshirah alikuwa akifagia jumba la sanaa, hapa Kairo, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Mwanzo aliziogopa picha. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Wahdani, leo nimempangusa vumbi samaki mwenye mabawa. Kuna kiti kina miguu ya mtu. Mie nasoma Kulaudhu kwanza, ndipo naingia." Baadaye akazizoea, akawa anazisalimu kama majirani. Moja aliipenda kuliko zote. "Yule mwanamke wa ukumbi wa mwisho ni mimi hasa," alisema. Nikamcheka.

Inshirah akafa. Jikoni nikawa nasikia vyombo vikioshwa, nikienda hamna mtu. Picha yake ya pekee niliyokuwa nayo nyumbani ililowa maji, ikaharibika. Kisha sura yake ikaanza kunitoka. Nikifumba macho naona ushungi, naona mikono. Usoni hamna kitu.

Siku ya arobaini yake nilinunua mikate ya rehema ya kugawa makaburini. Miguu ikanipeleka jumbani.

Mlangoni nilimkuta Dawlat, aliyekuwa akifagia pamoja naye.

"Ami Wahdani! Chakula hakiingii humu."

"Ni cha Inshirah."

"Kwani makaburi yamehamia huku?" Akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. Akachukua mkate mmoja, akamsomea marehemu Fatiha, akala palepale. "Pita, ami. Hilo kapu lifiche chini ya kanzu. Wakikushika, mimi sikujui."

Nikampita samaki. Nikakipita kiti. Kweli, miguu ilikuwa ya mtu, tena mtu aliyechoka. Nilitaka kuondoa macho, yakagoma. Ilikuwa mizuri, na nywele zilinisimama.

Ukumbi wa mwisho nikamkuta. Mwanamke mrefu, amesimama juu ya paa usiku. Usoni hana macho wala mdomo. Pana dirisha. Ndani ya dirisha taa inawaka, na mwanamke mwingine, mdogo kama kidole, yuko jikoni anaosha vyombo. Amenipa mgongo.

Mgongo ule naujua. Bega la kushoto limeshuka.

Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Dawlat akaja na funguo.

"Ami, tunafunga. Twende."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Unangoja nini?"

"Amefunga bomba," nikamwambia. "Sasa hivi atageuka."