Kukataa kwa Kifaransa

Harufu ya sambaza zikikaangwa, wale samaki wadogo wa ziwani, hunirudisha kwenye meza yetu ya nyumbani Gihundwe, likizo ile kabla sijapelekwa Bukavu. Maman alizikaanga mpaka zikakauka na kulia mdomoni. Yeye na Papa walikulia Kongo. Mimi nilizaliwa hapa Rusizi, upande huu wa mpaka, nikasoma kwa Kinyarwanda na Kiingereza, na Kifaransa changu kilikuwa cha salamu tu. Basi Maman akaweka sheria: mezani, anayetaka kitu aombe kwa lugha yoyote, lakini anayekataa akatae kwa Kifaransa bila kosa. Ukikosea, unapakuliwa kile kile ulichokikataa.

Kuomba ni rahisi: du poisson, samaki; de la sauce, mchuzi; une banane, ndizi. Ukikataa, vile vineno vya mbele vinaondoka vyote, inabaki de peke yake: je ne veux pas de poisson, sitaki samaki. Nilipodhani nimeelewa, nikasema je n'aime pas de poisson, yaani sipendi samaki, Maman akaniongezea kijiko, maana ukisema hupendi, le haiondoki: je n'aime pas le poisson. Kaka yangu Pascal alicheka sana. "Huyu atanenepa mbele ya kujua Kifaransa," alisema. Nilikuwa mtoto wa aibu, sikubishana. Nilikula vitu vingi nisivyovitaka likizo ile.

Sababu ya sheria ile niliisikia Papa akiongea kwenye simu. Tantine, dada yake Maman anayekaa Bukavu, hakuwa na mtoto. Alishanipatia shule huko, na nitaishi kwake nikifaulu mtihani wa kuongea Kifaransa. Bukavu tunaiona kila siku ng'ambo ya mpaka, Kongo, mabati yake yaking'aa, lakini kuiona na kulala huko ni vitu viwili. Nilitaka kubaki nyumbani. Sikujua namna nyingine ya kukataa kwetu isipokuwa ile ya mezani, kwa hiyo nikatengeneza sentensi moja, nikairudia nikichota maji, nikifagia, hata kanisani, nikiogopa neno moja dogo litaniangusha.

Jioni moja Maman alishika mwiko akaniuliza kama nataka ugali. Nikasimama.

"Maman, je ne veux pas aller chez Tantine."

Kisha Maman akaweka mwiko chini, akapiga makofi. "Mumesikia? Ameweka chez ya kwa mutu, hakuweka à ya mahali. Papa, huyu mutoto ameiva."

"Lakini sitaki kweli kwenda kwa Tantine," nikasema kwa Kiswahili.

"Kataa kwa Kifaransa," alisema Pascal, wote wakacheka. Nikairudia sentensi yangu, machozi yakiwa karibu. Wakapiga makofi tena, na Papa akanipa mkono kama mtu mkubwa. Sikuwa na sentensi nyingine. Shule zilipofunguliwa, tulivuka daraja na begi langu.

Sasa niko sekondari, bado kwa Tantine. Ni mwema, sina la kumlalamikia, na darasani mwalimu huniita niwasomee wengine. Juzi nilikuwa nyumbani, Maman akanieleza kwamba Tantine amenitafutia nafasi ya kusomea uuguzi Kinshasa, mbali ambako hakuonekani kutoka kilima chochote cha Rusizi. Alizungumza kwa furaha, akiningoja niseme kitu. Yule mtoto asiyejua Kifaransa alisimama mbele ya watu wote akasema hataki. Mimi, ninayekijua, nilibaki nimekaa, nikamwambia asante.