Uholanzi, Ubelgiji na Meza Yetu ya Kulia

Majira yale ya baridi nilizichukia Uholanzi na Ubelgiji kana kwamba ni majirani wa ghorofa ya juu wanaoburuza viti. Sijawahi kukanyaga hata moja. Lakini mume wangu alikuwa amepata kazi ya majaribio kwenye kampuni ya vifungashio, akapewa kulinganisha nchi hizo mbili: ipi inaagiza karatasi na kadibodi nyingi zaidi kutoka nje, za aina gani, na kwa nini. Wakiridhika, wangemwajiri. Wasiporidhika, alishasema, angerudi Dar es Salaam kwenye kazi yake ya zamani ya uwakala wa forodha, mimi na binti yetu tubaki huku ughaibuni, hapa Dixon, mpaka mtoto amalize shule. Alishachoka kupakua mizigo kwenye maghala. Mimi nilishachoka kumsikia akisema amechoka.

Kila jioni alitandaza makaratasi mezani, sisi tukala tumepakata sahani. Alinieleza hata nikiwa nakaanga vitunguu. Kwamba shehena nyingine inashushwa tu bandarini kwao kisha inaendelea nchi za jirani, kama mizigo ya Zambia inavyopita Dar, kwa hiyo usipoangalia utadhani Waholanzi wanakula karatasi. Nilicheka. Sikuwa nimemwona na raha ile kwa muda mrefu, nami nikaanza kutumaini, jambo nililokuwa nimejikataza.

Siku ya kikao, bosi wake, mzee wa mvi, alisimama mbele ya wateja akazichanganya nchi zenyewe. Takwimu za Uholanzi akazisoma kuwa za Ubelgiji, mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa amekaa palepale, anaona.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza aliporudi.

"Nilisubiri wateja watoke, nimwambie faraghani. Mtu mzima yule. Ningemsahihishaje mbele za watu?"

"Naye?"

"Akaniuliza kama nilijua tangu mwanzo. Nikasema ndiyo." Akavua miwani. "Basi, kasema ningemkatiza palepale, na nisirudi Jumatatu."

Nilitaka kumgombeza, lakini hata mimi ningesubiri watu watoke. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Nilikwenda kulia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumapili kaka yake mkubwa alikuja kula kwetu. Alipomaliza kunawa alitutangazia kwamba ameshaongea na ndugu wa Dar: mdogo wake arudi mwezi huohuo, tiketi atakata yeye. Mume wangu alitazama sahani. Nilimjua, alikuwa hataki kwenda. Aibu tu ndiyo iliyokuwa ikimfukuza. Na mimi sikutaka abanduke. Lakini huyo ni shemeji yangu mkubwa, nikajiambia nitaongea na mume wangu chumbani, mgeni akishaondoka.

Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, aliweka kijiko chini. Akasema, kwa Kiingereza chake na kwa sauti ya kawaida tu, kwamba baba hataki kwenda, na hakuna aliyemuuliza.

Shemeji alinigeukia, akisubiri nimkemee mtoto. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Nikaushusha.

"Sema tena, mwanangu," nikamwambia. "Sema kwa Kiswahili, baba mkubwa asije akasema hakusikia."